Kiondo Langoni

Kemboi aliwaona wageni tangu walipokata kona kwenye mikaratusi, na badala ya kufurahi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Walikuwa wawili. Mbele alitembea Mama Bilha, mjane kutoka Naitiri, kitambaa cheupe kichwani na mwavuli mkononi. Nyuma yake alikuja binti yake, Wakonyo, ameinama, ukanda wa kiondo umemkaza kipaji cha uso, na kiondo chenyewe kimejaa mgongoni mpaka kinamsukuma. Huyu ndiye msichana ambaye Kemboi alikuwa akiliita jina lake kimoyomoyo kila alipofumba macho. Na leo alikuja mwenyewe, kwa miguu yake, mpaka kwao nje ya mji wa Kitale, upande ule unaopanda kwenda Elgon. Mwanaume mwingine angekimbia kumlaki.

Mtu yeyote wa pande hizo, awe Mkalenjin, Mbukusu au Mkikuyu, anajua kwamba mgeni hupokelewa mzigo kabla hajapokelewa mkono. Hata mtoto anayejifunza kuchunga ndama anajua. Kemboi naye alijua vizuri sana. Lakini alisimama langoni, mikono ndani ya mifuko ya koti la marehemu baba yake, akasema:

"Karibuni."

Wakonyo alisimama. Alilegeza ule ukanda kidogo, jinsi mtu anavyofanya akijua mzigo unaenda kuchukuliwa, akamtazama kwa macho yale yale makubwa yaliyompumbaza Kemboi siku ya kwanza. Kemboi hakutoa mikono mifukoni.

"Ingieni ndani, mama yuko," akasema.

Ng'ambo ya ua alikuwa jirani yao Cheruiyot, akipigilia waya kwenye nguzo. Cheruiyot ni mtu ambaye Mungu alimpa mdomo akasahau kumpa breki.

"We Kemboi!" akapaza sauti. "Msichana anavunjika mgongo na wewe umesimama hapo kama nguzo yangu? Si ni wewe ulikuwa unabeba gunia ya mahindi mbili mbili? Ama malaria ilikula nguvu yote, bana?"

Akacheka. Mama Bilha hakucheka. Alimtazama Kemboi kuanzia viatu hadi kichwani, akafunga mwavuli wake taratibu, akapita. Wakonyo akaukaza ukanda tena kwenye kipaji cha uso, akabeba kiondo chake mwenyewe mpaka mlangoni. Kemboi alifuata nyuma, masikio yakimchoma kwa aibu.

Laiti wangejua.

Hakuwa na malaria, ingawa majirani waliambiwa hivyo. Miezi mitatu iliyopita, katika hospitali moja ya Nairobi, madaktari walimpasua kifua. Homa aliyougua utotoni ilikuwa imemharibia mlango mmoja wa moyo, na mlango huo ulipokataa kabisa kufunga, wakautoa wakamtilia mwingine wa chuma. Kabla ya kumruhusu arudi nyumbani daktari alimwonya asinyanyue kitu chochote kizito kuliko birika la chai mpaka mfupa wa kifua ushikane. Kemboi, aliyekuwa akishindana na vijana wenzake kubeba magunia kwenye ghala, sasa alikuwa akiletewa maji ya kuoga na mama yake mzazi. Alipoambiwa hivyo mara ya kwanza alijifunika blanketi usoni akalia.

Na ule mlango wa chuma ulikuwa na tabia mbaya. Ulikuwa ukigonga. Tik, tik, tik, saa zote. Kwenye kelele hakuna aliyesikia, lakini mahali pakinyamaza ulisikika kama kitu kilichofungiwa kabatini. Ndiyo maana Kemboi alivaa saa ya marehemu baba yake, saa kubwa ya zamani ya kutia ufunguo, ili mtu akiuliza aoneshwe mkono.

Kwa nini afiche? Sababu ilikuwa imetangulia kuingia sebuleni. Mama Bilha alimuuguza mumewe, mzee Hiram, miaka na miaka. Alimwosha, akamlisha, akamgeuza kitandani, hadi siku alipomzika. Na siku hiyo hiyo, udongo haujakauka, alisema mbele ya ukoo mzima: "Binti yangu hataolewa akawe nesi." Maneno hayo Kemboi aliyasikia kwa masikio yake, kwa kuwa alikuwa pale pembeni amevua kofia. Basi madaktari walipomwambia habari ya moyo wake, alimtuma dada yake Jepkoech aende Naitiri na uwongo mmoja tu: Kemboi amepata kazi ya trekta Bungoma, huko Kibabii, atarudi msimu ukiisha.

Uwongo ulikuwa mwepesi kuutuma. Msimu ulipoisha, Mama Bilha alituma habari kwamba anakuja kumtazama kijana anayemtaka binti yake. Sasa ulikuwa umekaa naye mezani.

Mama yake, Mama Sally, alikuwa ameandaa ugali, kuku na maziwa ya kibuyu, na rundo la mboga za majani ambazo hakuna aliyeweza kumzuia kumpakulia mwanawe, ijapokuwa daktari alisema za kiasi tu, zisipinge dawa yake ya damu. Kwa Mama Sally mgonjwa ni mtu aliyepungukiwa damu, basi. Aliweka sahani, akamwomba mgeni abariki chakula.

Mama Bilha alikuwa mtu wa kanisa, na maombi yake hayakuwa mafupi. Aliomba mvua, akaombea wajane, akaombea barabara. Kisha akanyamaza katikati, kama watu wa maombi wanavyonyamaza wakitafuta neno.

Tik. Tik. Tik.

Kemboi alikohoa. Kifua kikamchoma kama kimechomwa kisu, lakini akakohoa tena.

"Amina," Mama Bilha alisema, akafumbua macho. "Ni nini hiyo inagonga?"

"Ni saa, mama," Kemboi akainua mkono haraka. "Ya marehemu mzee. Ni ya zamani, iko na kelele."

"Kelele kweli."

Wakonyo alikuwa amekaa karibu naye. Aliitazama ile saa. Akamtazama Kemboi usoni. Akaitazama saa tena.

"Kwani ni saa ngapi?" akauliza kwa upole.

"Ni..." Kemboi akaangalia. Mishale ilionesha saa kumi na moja na robo, na jua lilikuwa utosini. Asubuhi ile, kwa wasiwasi wa wageni, alikuwa amesahau kuitia ufunguo. Saa ilikuwa imekufa tangu alfajiri, na sebule nzima ilikuwa imetoka kuisikia ikigonga.

Mama Bilha aliinua macho kutoka kwenye sahani.

"Oh, kumbe bado mapema," Wakonyo akasema kabla mama yake hajatamka neno, akaushika mkono wa Kemboi akaushusha chini ya meza, saa na aibu yake vyote. "Kuleni, chakula itapoa."

Angemfichua mbele ya wote ingemuuma kidogo. Kumsitiri ndiko kulikommaliza. Kemboi alikula bila kujua anachokula.

Walipomaliza, Wakonyo alisimama. "Kemboi, si uliniambia uko na ndama mweupe? Nionyeshe."

Hakuwa na ndama mweupe. Akasimama akamfuata.

Nyuma ya zizi Wakonyo aliegemea ubao, akakunja mikono.

"Saa yako imesimama."

"Nilisahau kuitia ufunguo."

"Imesimama na bado inagonga?"

Kemboi akaifunika saa kwa kiganja. Ng'ombe walikuwa malishoni na hapakuwa na upepo. Katikati yao kilisikika kile kidude tu, na kadiri alivyoogopa ndivyo kilivyozidi kwenda mbio.

"Nilikutafuta Bungoma," Wakonyo akasema.

"Ulifanya nini?"

"Nilishuka Bungoma na kiondo kama hii ya leo. Nilikuwa nimekupikia. Nikaenda Kibabii, nikauliza kila shamba iko na trekta. Hakuna mtu anajua Kemboi. Wakaniambia pengine ni Bumula. Nikaenda Bumula. Pale kuna dereva akaniuliza, 'Dada, huyo jamaa alikuachia mimba akatoroka?' Wote wakacheka. Na mimi nikacheka, ndio nisilie. Nikawaachia chakula yako wakakula."

"Wakonyo..."

"Nikarudi Naitiri nikamwambia mama nilikupata. Ati uko mzima, ati umenona. Nimedanganya mama yangu kwa sababu yako, na nilikuwa sijui hata nadanganya juu ya nini."

Kemboi alikuwa amewaza mengi juu ya uwongo wake, lakini hakuwahi kuwaza kwamba ungemtembeza Wakonyo barabarani akiulizwa maswali ya kishenzi na madereva. Aliona aibu ya kumtazama. Aliangalia viatu vyake, akafungua kifungo cha juu cha shati, kisha cha pili.

"Nilipasuliwa," akasema.

Kovu lilianzia chini ya koo, jekundu, limevimba, likateremka mpaka lilikofichwa na shati. Wakonyo alipeleka mkono, ukasimama hewani kabla haujafika.

"Wapi?"

"Nairobi. Moyo. Waliweka chuma ndani. Hiyo ndiyo inagonga."

"Inauma?"

"Nikikohoa. Na nikicheka."

"Basi sitakuchekesha leo." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, lakini sauti ilikuwa kavu. "Ungeweza kufa?"

"Walisema inawezekana."

"Na ungekufa, mimi ningekuwa wapi? Ningekuwa Bumula, Kemboi. Naulizia trekta."

Hapo ndipo Kemboi alipolia. Alilia kwa uangalifu, mkono umebana kifua, kwa maana hata kilio sasa kilikuwa na masharti. Wakonyo hakumbembeleza. Alimpa kitambaa chake cha mkononi akageuka pembeni mpaka alipomaliza.

"Ni mama yako," Kemboi akasema. "Siku ile ya mazishi alisema hataki uwe nesi wa mtu."

"Nilikuwa pale. Nilisikia. Lakini mimi uliniuliza lini?"

"Niliona haya. Mwanaume mzima naletewa maji ya kuoga. Naambiwa nisibebe hata ndoo. Nikasema wacha nipone kwanza, nirudi vile nilikuwa."

"Na usiporudi vile ulikuwa?"

Kemboi alianza kuukwangua ubao wa zizi kwa ukucha.

"Usimwambie mama yako," akaomba. "Tafadhali. Bado kidogo tu."

"Mimi simwambii. Utamwambia wewe."

"Akikataa?"

"Akikataa, angalau amekataa wewe. Saa hii anakataa kijana mwenye madharau aliyemwacha binti yake na mzigo langoni. Huyo hata mimi ningemkataa." Alimkaribia, akafunga vile vifungo viwili yeye mwenyewe, polepole, vidole vyake vikigusa shati tu na si ngozi. Kemboi alisikia moyo wake ukigonga wazi kama mtu aliye mlangoni, na mara hii hakuwa na pa kuuficha. "Enda," Wakonyo akasema.

Sebuleni Mama Bilha alikuwa tayari amesimama, mwavuli kwapani. Mama Sally alikuwa akijaza kile kiondo mahindi mabichi na maparachichi, kwa kuwa kiondo cha mgeni hakirudi kwao kitupu, hata mgeni akiwa amekasirika.

"Asante kwa chakula, Mama Kemboi," Mama Bilha alikuwa akisema. "Umetupokea vizuri. Lakini mimi ni mama, na nimeona nilichokuja kuona. Kama hata leo anaangalia msichana wangu akibeba mzigo, akishamwoa itakuwaje?"

Mama Sally alifungua mdomo amtetee mwanawe. Kemboi akamtangulia.

"Mama, sikukataa kupokea kiondo. Siwezi."

"Huwezi ama hutaki?"

"Siwezi." Alikuwa amesimama mlangoni, na nyuma yake alimsikia Wakonyo akisimama pia. "Sikuwa Bungoma. Nilikuwa Nairobi, nikapasuliwa kifua. Mimi ndiye nilimtuma Jepkoech awadanganye. Mama yangu alikataa nikamlazimisha. Wakonyo alikuwa hajui kitu, amejua sasa hivi tu, huko nje. Moyo wangu uko na chuma. Ile kitu ulisikia ikigonga wakati wa maombi si saa, mama. Ni mimi."

Mama Sally aliketi ghafla kwenye kigoda, parachichi mkononi, akajifunika uso kwa leso.

Mama Bilha aliutoa mwavuli kwapani, akaukita sakafuni. Alimtazama yule kijana kifuani. Kama angekuwa mwanawe wa kumzaa angemfungua shati aone, angemwekea kiganja kifuani. Lakini huyu alikuwa mtu anayemtaka binti yake, na mama mkwe hamgusi mkwe kifua, wala mkwe hafungui kifungo mbele yake. Kati yao palikuwa na hatua chache za sakafu ambazo hakuna aliyeruhusiwa kuzivuka.

"Tuombe," Mama Bilha akasema.

Wakainamisha vichwa. Kemboi alifumba macho akangoja maneno. Hayakuja. Alingoja tena. Mama Bilha hakuombea mvua wala wajane. Alikuwa amenyamaza tu, na nyumba nzima ikanyamaza naye, na katikati ya ukimya ule kilisikika kile kilichokuwa kikisikika siku zote.

Tik. Tik. Tik.

Kikohozi kilimpanda Kemboi kooni kwa mazoea. Akakimeza. Akasimama pale mikono wazi, uso umemwiva, akaacha asikilizwe. Hakuwahi kuona aibu kubwa kama ile. Hata siku aliyooshwa na wauguzi hakujiona uchi namna ile.

"Amina," Mama Bilha alisema mwishowe.

Akaketi. Akautazama mwavuli wake.

"Baba Wakonyo, miaka yake ya mwisho," akaanza, si kwa Kemboi bali kwa binti yake, "nilikuwa naamka kila wakati naweka mkono kwa pua yake nione kama anapumua. Nalala kidogo, naamka. Nalala, naamka. Mpaka leo usingizi wangu haujarudi." Akamwonyesha Kemboi kwa kidevu. "Wewe hutakuwa unaamka. Utalala hapo tu, ukisikia."

Wakonyo akaweka mkono mdomoni.

"Sijasema ndiyo," mama yake akaongeza haraka, sauti ikirudi kwenye ukali wake. "Ugonjwa si kosa ya mtu. Uwongo ni kosa yake. Wewe kijana, ukipona utakuja Naitiri, na haya umesema hapa utasema tena mbele ya wajomba zake wote. Pamoja na hiyo ya Bungoma. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Ati Kibabii!" Akatikisa kichwa. "Na huyu wangu akaniambia alikupata umenona. Hiyo tutaongea tukifika nyumbani. Wakonyo, chukua kiondo. Huyu asiguse."

Kemboi aliwasindikiza. Mama Bilha alitangulia, mwavuli wazi. Wakonyo alifuata, ameinama chini ya kiondo ambacho sasa kilikuwa kizito kuliko alivyokuja nacho, maana Mama Sally alikuwa amekijaza kwa mikono ya mtu aliyetua mzigo wake mwenyewe. Na kando yake alitembea Kemboi, kijana mwenye mabega mapana kama mlango, hajabeba kitu. Alikuwa ametoa mikono mifukoni. Ilimning'inia tu ubavuni, na hakujua aifanyie nini.

Kina mama waliokuwa wakichota maji kwenye mfereji wa pamoja waligeuka kutazama. Cheruiyot akasimamisha nyundo.

"Hata sasa, Kemboi? Ati umemwachia tena? Wewe bana, hii ni aibu gani?"

Asubuhi hiyo hiyo Kemboi angeinama akapita. Alisimama. Uso ulikuwa ukimchoma.

"Nilipasuliwa moyo, Cheruiyot," akasema kwa sauti. "Haikuwa malaria. Sijaruhusiwa kubeba kitu."

Nyundo ya Cheruiyot ilibaki hewani. "Moyo?"

"Moyo."

Kwenye mfereji ndoo ya mtu ilijaa ikamwagika, na mwenyewe hakufunga maji. Kemboi aliyahisi macho yote mgongoni alipoanza kutembea tena. Wakonyo alipunguza hatua zake zilingane na zake, ingawa yeye ndiye aliyekuwa na mzigo.

"Sema tena," akamnong'oneza kutoka chini ya ukanda. "Yule mama wa mwisho hajasikia."

Kemboi akacheka kabla hajajizuia. Kifua kikamuuma mpaka akasimama, akajishika kwa mikono miwili, machozi yakimtoka.

"Ulisema hutanichekesha leo," akalalamika.

"Na wewe ulisema uko Bungoma."